Mayai ya Susu Kwenye Beseni la Duka

Mama yangu hakuuza yai ambalo halijapitia majini. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya duka letu pale Umoja, Nairobi, na nikisema duka msifikirie rafu ndefu na mlango wa kioo. Lilikuwa dirisha la chumba cha mbele, lenye ubao wa kuwekea bidhaa na wavu wa kuzuia mikono mirefu. Kando ya dirisha, juu ya stuli, palikaa beseni la bluu lenye maji safi. Mteja akiitisha mayai, mama anayatia ndani mbele ya macho yake. Likizama likalala ubavu, hilo ni la jana au juzi. Likizama lakini likasimama wima, kama mtu anayejaribu kuinuka kitandani, lina siku zake ila linalika. Likielea, mama analichukua kwa vidole viwili na kulitia kwenye ndoo ya taka bila neno, jinsi mtu anavyotoa nzi kwenye chai. Vibanda vingine vya mayai vilikuwepo mtaani, lakini watu walivipita wakaja kwetu. Hakuna aliyewahi kumrudishia mama yai, na mama alijua hivyo. Hata namna alivyofunga kitambaa kichwani ungeona anajua.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na mtihani haukunipeleka popote, nikawa wa dukani. Sikulia sana. Niliumbwa mtu wa kufurahi bila sababu, na dirisha lile lilinitosha kwa wakati huo. Nilikuwa nikikaa juu ya gunia la mbaazi nikiota ndoto za mchana. Nilitaka nipate kazi ya kuuliza maswali, ila sikujua kazi hiyo mtu huiomba kwa nani.

Mteja wetu wa kwanza kila asubuhi alikuwa kijana wa mayai boilo. Alinunua trei, akaenda kuyachemsha, halafu akayatembeza na kachumbari yake hadi kwenye viwanda vya Baba Dogo, ambako wafanyakazi waliyala wakiwa wamesimama.

"Niaje, siste? Umeshawabatiza?" alikuwa akiniuliza, akichungulia beseni.

"Wote wamezama. Wameokoka."

"Na walioelea?"

"Hao ni wa shetani."

"Basi niletee waliookoka trei moja, na usinichagulie wale wadogo wadogo kama mayai ya kwale. Jana mzee mmoja kiwandani aliniuliza kama nauza vidonge."

Siku moja, baada ya kucheka naye vile, niligeuka nikamwuliza mama swali ambalo sijui kwa nini sikuwa nimeuliza mapema.

"Mama, kwa nini yai bovu linaelea?"

"Kwa sababu limeoza."

"Lakini linapooza kinachopungua ni nini? Ganda ni lile lile. Ukubwa ni ule ule."

"Wema wake umetoka."

"Umetokea wapi, na yai halina tundu?"

Mama alinitazama kama ninayemwomba nauli ya kwenda mwezini. "Mteja yuko dirishani," akasema.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta mwenyewe. Jambo la kwanza nililofanya ni kumimina chumvi kwenye beseni, kwa sababu tu ilikuwa karibu. Nilimimina, nikakoroga, nikamimina tena. Yai lililokuwa limelala chini, yai la asubuhi ile ile, likaanza kupanda polepole hadi kichwa chake kikatokea juu. Nilipiga kelele ya furaha. Mama alikuja mbio akidhani nimeungua.

"Chumvi yote hiyo! Unataka kuniuzia mayai ya bahari?"

"Lakini mama, ona! Yai hili ni zima na linaelea. Halikuoza. Ni maji ndiyo yamebadilika."

"Na wewe utabadilika nikikushika," akasema, lakini alisimama kidogo akilitazama lile yai kabla ya kumwaga maji.

Baba alikuwa na subira zaidi, au pengine kazi yake ilimzoesha. Alikuwa mchongaji. Alishinda kwenye banda moja na wanaume wengine wa kwetu Ukambani, wakichonga twiga na vifaru wa kuuziwa watalii. Jioni alileta nyumbani vipande vilivyobaki tuvitumie kuwashia jiko. Nilimweleza habari ya yai. Kesho yake alitoa mfukoni vipande vitatu vya mti alivyovikata vikatoshana kabisa, kila kimoja ukubwa wa kiberiti.

"Tia majini," akasema.

Cha kwanza kilikuwa cha mjakaranda. Kilielea nusu ndani, nusu nje, kikizungukazunguka kwa raha zake. Cha pili kilikuwa cha muhugu. Nacho kilielea, lakini kwa shida, mgongo tu ukionekana, kama kiboko anayejificha. Cha tatu kilikuwa cha mpingo, cheusi tii. Kilipogusa maji kikaenda moja kwa moja hadi chini, nikasikia kikigonga.

Baba akacheka. "Ndiyo sababu wale wanaopaka mjakaranda rangi nyeusi ya viatu na kuuita mpingo hawapendi mvua. Mnunuzi mjanja haongei sana. Anaomba glasi ya maji tu."

"Basi kizito kinazama, chepesi kinaelea," nikasema, nikijiona nimemaliza.

"Hebu. Gogo la mjakaranda la kutoa twiga mkubwa tunalibeba wanaume wawili tukikohoa. Ukilitia bwawani litaelea. Kichana cha mpingo natembea nacho mfukoni nasahau kama kipo. Ukikitia kitazama. Sasa kipi kizito?"

Nilibeba swali hilo kichwani siku kadhaa. Nilimpa mteja mmoja unga badala ya sukari, nikaitwa jina ambalo sitaliandika hapa. Mwishowe lilinijia nikiwa nafua. Niliona jinsi nguo ikiingia kwenye ndoo iliyojaa, maji yanavyomwagika nje, na jinsi ndoo ndogo tupu niliyoikandamiza majini kwa kiganja ilivyokuwa ikinisukuma mkono. Maji hayaulizi una uzito kiasi gani, nikajiambia. Yanauliza uzito wako umekaa kwenye nafasi kubwa kiasi gani. Kitu kikiingia kinayafukuza maji ya ukubwa wake. Ikiwa kitu hicho ni kizito kuliko maji yaliyofukuzwa, kinashinda, kinakwenda chini. Ikiwa maji yaliyofukuzwa ndiyo mazito, yanakibeba. Na chumvi huyaongezea maji uzito. Nilikaa kwenye karo, mikono ina sabuni, nikacheka peke yangu.

Lakini bado sikujua uzito wa yai bovu ulipotelea wapi. Hapo baba akanisaidia tena. Mizani ya duka ilikuwa ya sahani mbili. Tulitia yai jipya upande mmoja, na upande wa pili kipande cha mpingo, kisha baba akausugua mpingo kwa msasa, kidogo kidogo, mpaka sahani zikasimama sawasawa. Yai nikaliweka kabatini. Kila baada ya siku chache nililirudisha kwenye mizani, na kila mara sahani ya yai ilikuwa imeinuka zaidi. Mpingo haukubadilika. Yai, likiwa limekaa tu kimya gizani, lilikuwa linapungua.

Nilimweleza kijana wa mayai boilo, nikidhani atanicheka.

"Lazima yana mashimo," akasema. "Nikiyatia kwenye maji ya moto yanatoa vipovu, vidogo, upande ule mnene. Mimi nilidhani yananitukana."

Kwa hiyo yai linapumua, niliwaza. Maji yake yanatoka kama pumzi, hewa inaingia, ukubwa unabaki ule ule. Yai linaelea kwa sababu limekaa siku nyingi, basi. Kuoza ni jambo jingine linalokuja na siku hizo hizo. Sikujua kwamba fikira hiyo ingenifaa kitu. Niliipenda tu, kama mtu anavyopenda jiwe la kupendeza aliloliokota njiani.

*

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa kwetu Ukambani. Hata Nairobi tulikula mahindi ya manjano, yale ya kutoka ng'ambo, watoto wakayalalamikia. Baba alikwenda nyumbani akarudi na mama yake, susu yetu, maana susu ndiyo nyanya kwetu. Ng'ombe wake walikuwa wamekufa. Mbuzi waliobaki aliwauza wakiwa mifupa. Alishuka kwenye basi akiwa na furushi la nguo na kapu, na ndani ya kapu mlikuwa na kuku mmoja mwekundu mwenye shingo isiyo na manyoya.

"Huyu ndiye boma langu lililobaki," akatuambia pale pale stendi, bila kulia.

Susu hakuwa mtu wa kukaa na kupewa chai. Alichambua mbaazi zetu, akafagia hata mbele ya nyumba za majirani, na kila jioni alimwuliza baba kama redio imesema lolote juu ya mawingu. Alikuwa na nia moja, na hakuificha. Mvua ikinyesha angerudi kwake. Lakini hangerudi kwenye boma lisilo na kitu kinachotembea.

"Nitaamka asubuhi nimwambie nani 'shuu'?" aliniuliza. "Nyumba bila wa kuchakura mlangoni ni kaburi lenye paa. Nikirudi, narudi na kuku wangu na watoto wake, au basi nitakaa hapa kwenu mnizike Lang'ata."

Kwa hiyo mwekundu alipoanza kutaga, susu hakuruhusu hata yai moja liliwe. Jogoo alikuwa wa jirani, jogoo fidhuli aliyeruka ukuta bila kualikwa. Mayai yalipotosha, baba alitia maranda yake ya mbao kwenye katoni, akaiweka chini ya meza yake ya kazi uani, na kuku akalala juu yake akatukodolea macho. Mama hakufurahi sana. Mama alikuwa na ndoto zake pia. Alikuwa akiota nyumba ya Buruburu yenye vigae vyekundu, na kuku uani hakuwamo kwenye ndoto hiyo. Lakini alimheshimu mama mkwe wake, akanyamaza.

Kuku aliatamia. Wiki zikapita. Susu alisema siku zimekaribia, kisha akasema labda hakuhesabu vizuri, maana kule kwake alihesabu kwa siku za soko na hapa kila siku ni soko. Tukangoja.

Jumapili moja, susu na baba wakiwa kanisani, tulisikia mlio uani, *pu!*, kama mtu amekanyaga puto. Kuku akaruka akipiga makelele. Halafu harufu ikaja. Sina namna nzuri ya kuieleza. Yai moja lilikuwa limepasuka chini yake, na harufu ile ilipita jikoni, ikapita chumbani, ikatokea kwenye dirisha la duka, mahali ambapo wanawake watatu waliotoka misa ya asubuhi walikuwa wakingoja mayai yao.

Mmoja akaziba pua. Mwingine akatazama beseni letu la bluu, kisha akamtazama mama. "Leo nitachukua maziwa tu," akasema. Wa tatu hakuchukua hata maziwa.

Mama alifunga dirisha. Kijana wa mayai boilo, ambaye alikuwa amekuja kurudisha trei tupu, alibaki nje akisema, "Mama, usijali, hata mimi huwa—" lakini dirisha likawa limeshafungwa.

"Yote yameoza," mama akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Jogoo yule ni wa maneno tu. Yote yameoza, na huyu mama atakaa hapo anayangoja mpaka lini? Siku ngapi tena ananyanyuka kitandani kwenda kuchungulia katoni? Afadhali niyatoe leo hayupo. Akija nitamwambia kuku ameyakataa."

"Mama, mngoje arudi."

"Arudi aone mimi nikiyatupa mbele yake? Leta beseni."

Nililileta. Njiani niliona maji yake ni ya baridi, nikayamwaga, nikachota mengine kwenye karai lililokuwa limeshinda juani uani. Sikuwa na sababu kubwa. Nilifikiri tu kwamba kama mimi ningekuwa nimelala chini ya kuku, maji ya baridi nisingeyapenda.

Tulimfunika kuku kwa gunia, mama akatoa mayai moja moja. Yalikuwa kumi na moja, ya joto kama mkate. Akayaweka majini. La kwanza likaelea. La pili likaelea. Alivyozidi kuweka ndivyo alivyopunguza haraka. Alipoweka la mwisho, mayai yote kumi na moja yalikuwa juu ya maji, upande mnene ukitazama mbinguni, yakigonganagongana kwa sauti ndogo. Hakuna hata moja lililozama.

Mama alikaa juu ya kigoda. Miaka yote ile nilimwona akitupa mayai yaliyoelea, na sikuwahi kumwona akishindwa kunyoosha mkono.

"Yote," akasema. "Huyu mama hakuachiwa hata moja."

Kisha akavuta ndoo ya taka.

Hapo ndipo yale niliyokuwa nimeyaokota yakanirudia yote kwa pamoja, mizani, mpingo, vipovu, na nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Mama, lazima yaelee!"

"Nini?"

"Lazima yaelee. Yai letu la kabatini lilikaa tu, likapungua mpaka mpingo ukalishinda. Haya yamekaa wiki tatu chini ya kuku, kwenye joto. Yamepumua kila siku. Hata kama kuna kifaranga mzima ndani, yai litakuwa limepoteza maji na kupata hewa. Kifaranga mwenyewe atahitaji hewa hiyo. Yangezama ndiyo ningeshangaa!"

"Mimi nauza mayai tangu kabla hujazaliwa."

"Unauza ya kula, mama. Haya si ya kula."

Mkono wake ukabaki kwenye ndoo. Nilijua nimesema vibaya, binti hamjibu mama hivyo, nikainamisha kichwa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeinamisha kichwa, macho yangu yalikuwa kwenye beseni. Maji yalikuwa yametulia. Hakukuwa na upepo uani, na hakuna aliyekuwa akiligusa. Yai moja, lile lenye doa la kahawia, likatikisika.

Nilidhani nimelipumulia. Nikaziba mdomo kwa kiganja. Likatikisika tena, kidogo tu, kama mtu aliyelala anapojigeuza, na duara dogo la wimbi likatoka kwake likaenda kuligusa la jirani.

"Mama," nikanong'ona.

"Naona."

"Si mimi."

"Naona si wewe. Nyamaza."

Mama alitoka kwenye kigoda akapiga magoti. Tulibaki hivyo, vichwa vyetu vikigusana juu ya beseni, tukiogopa kupumua. La pili likatikisika. Lingine likacheza mara mbili haraka, kama anayebisha hodi. Kwenye nchi kavu, chini ya kuku, mtikisiko mdogo vile nani angeuona? Yai zito limelala kwenye maranda, halisogei. Lakini maji yalikuwa yamelibeba lote, hayakuliachia uzito wa kulizuia, na teke la kiumbe kisichojaa kiganja likatosha kulisogeza. Kitu kile kile ambacho mama alikiona ni hukumu, kuelea, ndicho kilichowapa nafasi ya kusema wapo.

"Watoto wa watu," mama akasema polepole. "Nilikuwa nawatupa watoto wa watu."

Na hapo susu akaingia.

Alikuwa bado na kitambaa cheupe cha kanisani. Aliona gunia likirukaruka juu ya kuku, akaona ndoo ya taka iliyo tayari, akaona mayai yake yanaelea kwenye beseni la duka, beseni ambalo sheria yake aliijua kama kila mtu mtaani.

"Mnawaosha kwa ajili ya nini?" akauliza. "Maiti ndio huoshwa."

"Mwaitu," mama akaanza. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na alikuwa hamwiti hivyo mara nyingi. "Mwaitu, nilidhani yameoza. Yote yalielea. Nilitaka kukuondolea uchungu."

Susu aliinama juu ya beseni. Alitia vidole majini, akavitoa. "Ni ya vuguvugu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeamua kama atagomba au hatagomba. Nikamsogezea kigoda.

"Susu, kaa utazame. Usiliguse beseni."

"Nitazame nini?"

"Ngoja maji yalale."

Akakaa. Tukawa vichwa vitatu. Lile la doa likatikisika, na susu akashika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha ndani kwa ndani kilichomtikisa mabega.

"Kumbe wanaogelea! Maisha yangu yote nafuga kuku na sijaona mambo haya."

"Hamkuwa mkiyapima hivi?"

"Kwetu? Maji ya kutia mayai yaogelee yangetoka wapi? Maji kwetu ni ya mtoto na ya chungu. Ungenikuta nimetia mayai majini ungeniita mwendawazimu." Akainama tena. "Na huyu mvivu hapa? Na huyu?"

Mayai mawili yalikuwa yamekaa kimya kabisa. Tuliyangoja. Hayakusogea. Maji yalianza kupoa, na mama akasema hatuwezi kuendelea kuwaweka hivyo. Tulikausha yale tisa kwa leso ya susu, kwa kuyagusa tu bila kusugua, tukayarudisha kwenye maranda mapya. Kuku, alipotolewa gunia, alitutukana wote kwa zamu, kisha akalala juu yake. Yale mawili mama aliyaweka kando ya ndoo. Hakuyatia ndani. Aliyaweka kando tu, akaenda kufungua dirisha.

Niliporudi uani, hayakuwepo. Susu alikuwa amekaa karibu na katoni akichambua mbaazi, macho yake yakitazama mbaazi sana kuliko mbaazi zinavyostahili.

"Susu, yale mawili?"

"Mawili gani?"

"Yakipasuka je? Wateja—"

"Yakipasuka nitanuka mimi. Ni kuku wangu."

Siku mbili baadaye tulisikia sauti chini ya kuku. Baba aliacha kupiga msasa, mama akaacha wateja, tukasimama uani kama watu wanaongoja gari la waziri. Wakatoka mmoja baada ya mwingine, wabichi, wabaya kwa sura, wakakauka wakawa wazuri. Wa yale tisa walitoka wanane. Mmoja aliyetikisika vizuri kabisa majini hakufika, na hilo lilinifanya nilie nyuma ya nyumba. Halafu, wakati susu alikuwa ameshaanza kumwekea kuku chakula kama mzazi, mmoja wa wale wawili walionyamaza akapasua ganda lake akatoka, mnyonge, mguu mmoja umekunjika.

Nilimtazama yule kifaranga muda mrefu. Alikuwa amenyamaza majini akiwa hai. Labda alikuwa amelala. Labda maji nayo husema yale tu uliyoyauliza, na kwa saa ile tu uliyouliza. Sikujua, na nilifurahi kwa namna ya ajabu kwamba sikujua.

"Umeona?" susu akamwambia mama.

Mvua ilirudi mwishoni mwa mwaka. Redio ilisema, lakini susu alikuwa ameshanusa. Aliondoka na kuku wake na vifaranga ambao sasa walikuwa na manyoya na tabia mbaya, na utingo wa basi aliposema waende juu ya paa pamoja na magunia, susu alimwuliza kama mama yake mzazi husafiri juu ya paa. Walikaa ndani. Yule wa mguu uliokunjika alibaki na mama, kwa sababu mama alisema safari itamwumiza, na alisema hivyo akiwa ameshampa sanduku la sabuni la kulala chini ya ubao wa duka.

Miezi ikapita. Kisha mwanaume mmoja wa kijijini kwetu alipita dukani akitoka nyumbani, na gunia la mbaazi mbichi begani. Tulimpa chai. Alisema mto unapita, nyasi zimefika magotini, na susu amekuwa mtu wa kupiga kelele kila asubuhi, "shuu" huku, "shuu" kule, mpaka majirani wanajua saa.

"Na amenituma swali kwenu," akasema, akikwaruza kidevu kama anayeona aibu kwa niaba ya mwingine. "Sasa yule mama anatia kila kitu majini. Alitia mbegu zake za mbaazi kabla ya kupanda. Nyingi zilizama, nyingine zikaelea. Watu wote wanajua zinazoelea zimeliwa na wadudu, unatupa. Yeye amekataa kutupa. Ameziweka kwenye bakuli, anasema hatapanda wala kutupa mpaka nyinyi mmwambie. Kesho narudi, nimpelekee jibu gani?"

Nilimtazama mama. Mama alinitazama mimi. Mimi sikujua, na niliona wazi kwamba yeye pia, muuza mayai wa Umoja nzima, hakujua.

Dirishani palikuwa na mteja aliyegonga ubao kwa sarafu. Mama hakugeuka. Alifungua gunia tulilokuwa tukilikalia, akachota mbaazi kavu viganja viwili, akazimwaga kwenye beseni, akavuta kigoda.

"Sogea, unanizibia mwanga," akaniambia.